Wadau wa Git: programu ipi huria ya kubofya inafaa laptop ya RAM 4? Na kwa nini yangu inadai faili 214 zimebadilika?

#1 Mpima_Dagaa
Wakuu salama? Niende moja kwa moja.

Tupo watatu, ofisi yetu ni chumba kimoja Kirumba, juu ya duka la nyavu. Tunaandika mfumo wa wanunuzi wa dagaa pale Mwaloni. Gunia linapanda mzani, karani anaingiza uzito, mfumo unatoa uzito wa gunia tupu, unazidisha kwa bei ya siku, risiti inatoka. Vijana wangu wawili, mmoja anatumia Windows, mwingine Ubuntu. Mimi nina zote mbili kwenye laptop moja ya RAM GB 4, na hiyo laptop kila mtu anaigusa. Teminali hawaitaki kabisa, wakiona ile skrini nyeusi ya kuandika amri wanakumbuka njaa.

Nataka tuchague programu moja ya Git (ile ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili) yenye madirisha na vitufe, huria kweli kweli, tusije tukaamka siku tunaambiwa tulipie kwa dola. Wiki hii nimejaribu kadhaa, ndipo nikakutana na kituko. Repo moja (mradi pamoja na historia yake), folda ileile, iko diski D. Nikiwa Windows, TortoiseGit inaniambia faili 3 zimebadilika. Sawa, hiyo nilijua ni kazi ya vijana inaendelea. Nikiwasha Ubuntu nikafungua kwa Git Cola: faili 214! Nikadhani Git Cola ndiyo mbovu, nikaweka Gitg. 214.

Hakuna aliyegusa faili 214. Hata zote tulizonazo hazifiki 230. Nani anasema kweli? Na nyie mnatumia ipi?

#2 Wa_Malimbe
Naweka mkeka. Waje wajuvi.

#3 MzeeTeminali
Mnatafuta dereva wa kuwaendeshea baiskeli. Andika `git status`, basi. Nyingi ya hizo programu za vitufe zinaiuliza Git maswali yaleyale, halafu zinakupakia rangi juu yake.

#4 MamaKodi
Shikamoo Mzee, lakini hujamjibu.

Mpima_Dagaa, pole kaka. Hiyo ni miisho ya mistari. Windows inamaliza kila mstari kwa alama mbili, CR na LF, Linux inamaliza kwa LF peke yake. Ukiweka Git kwenye Windows bila kubadilisha kitu, kisakinishi kinapendekeza `core.autocrlf` iwe true, maana yake faili zikitoka kwenye repo zinavishwa CRLF na zikirudi zinavuliwa. Ubuntu haina mpango huo. Inaikuta faili imevaa koti, inasema huyu si yule. Faili nzima inaonekana imebadilika mstari kwa mstari, na ukitazama kwa macho huoni tofauti yoyote.

Kwa hiyo wote wawili wanasema kweli. Programu haina kosa.

#5 JiweLaZiwani
> MamaKodi: Hiyo ni miisho ya mistari.

Dada, sibishi kwamba inawezekana, ila umewahi. Diski D ni NTFS, mpangilio wa diski wa Windows. Ubuntu ikiifungua NTFS, kwa kawaida inaonyesha kila faili ina ruhusa zote, pamoja na ruhusa ya kuendeshwa kama programu. Git inatunza ruhusa hiyo moja: 100644 kwa faili ya kawaida, 100755 kwa inayoendeshwa. Inakuta zote zimekuwa 755, inapiga kelele. Mimi yalinipata hayohayo.

Mpima, andika `git diff --summary` utuletee. Samahani kwa vijana, dakika moja tu ya skrini nyeusi.

#6 SatoWaKuchoma
Mnamzungusha mwenzenu bure. Weka GitKraken au Sourcetree, zinapendeza, michoro ya matawi imetulia kama ramani. Ni huria hizo.

#7 MamaKodi
@SatoWaKuchoma kupakua bila kulipa si uhuria, huria ni ile ambayo code yake iko wazi na yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha. GitKraken si huria, na Sourcetree ya Atlassian si huria pia. Isitoshe Sourcetree haina toleo la Linux, kijana wake mmoja ataachwa kituoni. Jamaa ameandika "huria kweli kweli", tumheshimu.

#8 SatoWaKuchoma
Sawa mwalimu 😅 Basi GitButler, nimeona code yao iko wazi hadharani.

#9 JiweLaZiwani
Iko wazi kuisoma, ila leseni yake inakuzuia kutengeneza bidhaa ya kushindana nao, na kila toleo linageuka kuwa la leseni huria ya MIT baada ya miaka miwili. Wengine wanaiita huria, wengine wanakataa. Mimi nipo kwa wanaokataa, lakini sigombani na mtu kwa hilo.

#10 Nansio_Tu
Salaam kutoka kisiwani. Mimi natumia GitHub Desktop kwenye Windows. Rahisi, leseni ni MIT, Kiingereza chake hakisumbui. Ila RAM 4... imejengwa juu ya Electron, yaani ni kivinjari kizima kimevaa suti. Ukifungua na Chrome pembeni, feni inalia kama mashine ya kukoboa.

Na Linux hawatoi toleo rasmi. Kuna nakala inayotunzwa na watu wa nje, inafanya kazi, ila ujue hivyo.

#11 Mpima_Dagaa
JiweLaZiwani nimefanya ulivyosema. Imenitolea orodha ndefu, kila mstari:

`mode change 100644 => 100755`

Kwa hiyo ni wewe?

#12 JiweLaZiwani
😎 Sina cha kuongeza. `git config core.filemode false`, Git iache kutazama ruhusa, kunywa chai.

#13 MzeeTeminali
Kiongeze, kwa sababu hujamaliza. `core.filemode` haiachwi hewani. Unapokloni (kuchukua nakala ya repo kwa Git yenyewe) au kuanzisha repo, Git inajaribu diski yenyewe kwanza, ikiona haiwezi kutunza ruhusa inaandika false ndani ya `.git/config`. Repo iliyokloniwa palepale kwenye NTFS, iwe kwa Windows au kwa Ubuntu, kwa kawaida ingekuwa false tayari na asingeona hata moja.

Mpima, hiyo folda ilifikaje diski D? Useme ukweli.

#14 Mpima_Dagaa
Dah. Mzee wewe mganga?

Ilikuwa kwenye home ya Ubuntu. Jumanne usiku nikaikopi kwenda D kwa `cp -r` ili Windows nayo iione.

#15 MzeeTeminali
Basi umekopi na `.git/config` yake iliyoandikwa true, ukaipeleka mahali ambapo si true. Ni sawa na kuhama Nyegezi kwenda Buswelu ukaendelea kuwaelekeza bodaboda kwa anwani ya zamani. Ungekloni upya ungelala mapema.

#16 Wa_Malimbe
Yaani uzi huu umenifundisha kuliko muhula mzima.

Swali la mwanafunzi: kwani asingebofya tu "tupa mabadiliko yote" zikarudi safi? Si zote ni feki?

#17 JiweLaZiwani
USIBOFYE. Mpima, soma hapa kabla hujagusa kitu.

Nilikuwa na mfumo wa duka la dawa, siku moja nikaona orodha kama ya kwako, mamia. Nikajisemea takataka hizi, nikabofya kitufe cha kutupa vyote, jina la programu naliacha maana kosa lilikuwa la kidole changu. Ndani ya hayo mamia kulikuwa na ukurasa wa hesabu ya mwisho wa mwezi, kazi ya siku mbili, haijakomitiwa, yaani haijaingizwa kwenye historia ya Git. Nilikaa nikiitazama skrini mpaka muuza karanga akapita mara ya pili.

#18 SatoWaKuchoma
Reflog si ingekuokoa? Inatunza siku 90.

#19 JiweLaZiwani
Reflog inakumbuka komiti zako zilipopita. Kitu ambacho hujakikomiti haikijui hata kwa sura. Ningekuwa nimekipitisha `git add` (kukiandaa kwa komiti) walau mara moja ningekitafuta kwa `git fsck --lost-found`. Sikuwa nimefanya.

#20 Nansio_Tu
Hapo niitetee GitHub Desktop: ukitupa mabadiliko, faili zinapelekwa kwenye pipa la taka la kompyuta, unaweza kwenda kuziokota. Ni jambo dogo ila mtu akichagua programu aulize hilo kwanza kabla ya rangi na michoro. Kitufe cha kutupa kiko umbali gani na kitufe cha kukomiti? Kinauliza mara ngapi? Kinatupa wapi?

#21 MamaKodi
Hiki ndicho kigezo nilichokuwa nakitafuta na sikuwa na maneno yake. Wabeja sana.

#22 Mpima_Dagaa
Nimeweka filemode false. Kutoka 214 zimebaki 61. Nikajua nitaona 3 kama Windows. Hizi 61 sasa ni za nani?

#23 MamaKodi
Zangu 😊 `git ls-files --eol` tafadhali. Herufi i ni kilichomo ndani ya Git, w ni kilichopo kwenye folda.

#24 Matobolwa
Nimepita tu kuuliza, nyie mnakula saa ngapi? Saa nane hii. Pale Makoroboi michembe imeshuka ya jana, laini.

#25 Ng'ambo_ya_Busisi
Wakuu samahani nachomekea. Nipo Sengerema. Kila nikipushi (kupeleka kazi) GitHub naambiwa nenosiri si sahihi na nina uhakika ni sahihi, maana tovuti nafungua nalo. Programu ipi ya Git haina tatizo hili?

#26 MzeeTeminali
Zote zitakuwa nalo, kijana. GitHub waliacha kupokea nenosiri kwa kazi za Git tangu 13 Agosti 2021. Tengeneza tokeni (msimbo maalumu wanaokupa wao) uibandike mahali pa nenosiri, au weka ufunguo wa SSH. Tangu daraja limefunguka mnavuka kwa dakika chache, njoo mjini hata kesho nikuonyeshe.

#27 Ng'ambo_ya_Busisi
Asante mzee wangu. Tokeni imekubali.

#28 Mpima_Dagaa
MamaKodi: 58 zimeandikwa `i/lf w/crlf`. Nakumbuka, Alhamisi nilifanya puli (kuvuta kazi mpya) nikiwa Windows, itakuwa hizo ndizo zilizoshuka. Lakini 3 zimeandikwa `i/lf w/lf` na bado zinadai zimebadilika.

#29 MamaKodi
58 tumezimaliza. Weka faili ya `.gitattributes` kwenye repo, mstari mmoja: `* text=auto eol=lf`. Hiyo inasafiri na repo, kila kompyuta inaitii, hata programu inayokuja na Git yake yenyewe ndani. Halafu `git add --renormalize .` kusawazisha mistari, na ukomiti.

#30 JiweLaZiwani
Ngoja ngoja. Ukiandika hiyo renormalize na nukta mwishoni, inabeba na zile 3 za mwisho, zinaingia kwenye komiti bila mtu kuzisoma. Aziweke pembeni kwanza.

Na kwa maoni yangu eol=lf ni ubabe, kuna faili za .bat za Windows zinakorofishwa na LF. Mimi ningeweka `core.autocrlf input` huku Ubuntu na kuacha dunia izunguke.

#31 MamaKodi
Hapo kwenye renormalize umeniwahi, nakubali. Kwenye autocrlf sikubali. Mpangilio wa mashine moja unakufa mashine ikifa, na kijana wa nne mtakayemwajiri hatakuwa nao. Za .bat unaziandikia mstari wao, `*.bat eol=crlf`, yameisha.

#32 JiweLaZiwani
Kijana wa nne atalipwa na nani 😂

#33 Wa_Malimbe
Turudi kwenye swali la kwanza basi, programu ipi? Nimehesabu mpaka sasa hakuna aliyejibu vizuri zaidi ya Nansio_Tu.

#34 SatoWaKuchoma
Gittyup. Imetoka kwenye GitAhead iliyoachwa na wenyewe, leseni MIT, imeandikwa kwa C++ na Qt kwa hiyo haili RAM kama zile za Electron, ipo Windows, Mac na Linux. Safari hii nimesoma leseni kabla ya kuja hapa, mwalimu asinichape.

#35 MamaKodi
Nakupa vema. Ongeza SourceGit kwenye orodha hiyo, MIT pia, mifumo yote mitatu. Imeandikwa kwa C#.

#36 MzeeTeminali
Sasa niseme kitu cha maana mnisamehe baiskeli yangu. Mkiweka Git yenyewe kwenye Windows mnapewa vitu viwili bure, `gitk` na `git gui`. Ubuntu mnaviomba kwa apt, ni vidogo. Sura zake za zamani, Tcl/Tk, utadhani fomu ya benki ya miaka ya tisini. Ila vinawaka kwenye laptop yoyote, vipo mifumo yote. Kwa RAM 4 mimi ningewapa hivyo vijana miezi miwili.

Wakizoea, `lazygit`. Faili moja tu, unaiweka inawaka. Inaishi ndani ya teminali lakini ina vibao na unatembea kwa mishale. Skrini nyeusi yenye ngazi.

#37 Nansio_Tu
Lazygit nimeijaribu sasa hivi baada ya kusoma. Nzuri, ila herufi d inatupa mabadiliko. Herufi moja! Inakuuliza kwanza, sawa, lakini kidole kikishazoea Enter...

#38 JiweLaZiwani
Naona tumeanza kuheshimiana na vitufe.

#39 Ng'ambo_ya_Busisi
Swali la mwisho, samahani. Bando likiisha katikati ya puli, programu ipi inaendelea ilipoishia?

#40 MzeeTeminali
Hakuna. Kukloni au kuvuta kukikatika kunaanza upya. Punguza mzigo: `git clone --depth 1` inakuletea hali ya sasa bila historia yote. Ama `--filter=blob:none`, historia inakuja ila yaliyomo kwenye faili za zamani yanabaki mpaka uyahitaji.

Au tumia bando halisi. Git ina amri inaitwa `git bundle`, sitanii. Inafunga repo na historia yake kwenye faili moja, unaitia kwenye flashi, unampa mtu wa meli.

#41 Nansio_Tu
Nathibitisha, hiyo ndiyo njia yangu mwezi ukiwa mbaya. Asubuhi flashi inapanda meli Mwanza, mchana ipo Nansio, nakloni kutoka kwenye faili kama kutoka kwenye mtandao. Bando lisiloisha usiku wa manane.

#42 Wa_Malimbe
Kwa hiyo Mpima angetumia hiyo badala ya `cp -r` haya yote yasingetokea?

#43 MzeeTeminali
Ya ruhusa yasingetokea. Ya mistari yangetokea vilevile.

#44 MamaKodi
Mzee hapo umesema "vilevile" kana kwamba mistari ndiyo ilikuwa kubwa. Asante kwa kunitetea bila kujua.

#45 Mpima_Dagaa
Wakuu nimerudi. Nimezifungua zile 3 moja moja kwenye Git Cola. Nzuri ile, inaonyesha mstari wa zamani na mpya bila mbwembwe.

Mbili ni maandishi ya risiti, kijana wa Ubuntu amekiri ni yeye. Ya tatu ni hii:

`- UZITO_GUNIA = 0.5`
`+ UZITO_GUNIA = 1.5`

Huo ni uzito wa gunia tupu tunaoutoa kwenye mzani. Nusu kilo imekuwa kilo moja na nusu. Nimewauliza wote wawili, kila mmoja anasema hajagusa.

#46 Matobolwa
Mimi si mtu wa kompyuta ila hapo nimeelewa kila kitu. Mvuvi analiwa kilo moja kila gunia.

#47 SatoWaKuchoma
Eeh. Na wateja wenu ni wanunuzi, au nimesoma vibaya?

#48 MamaKodi
Tusimhukumu mtu. Huwa tunaweka namba ya kujaribia kuona kama hesabu inafuata, halafu tunasahau kuirudisha. Mimi nimewahi kuacha bei ya kilo ikiwa 1.

#49 Nansio_Tu
Au magunia mabichi. Dagaa wasipokauka vizuri gunia linanyonya maji, tupu lake linakuwa zito. Karani anaweza kuwa ameomba kwa nia njema.

#50 Matobolwa
Gunia lisilojaa kitu liwe na kilo moja na nusu? Limenyonya ziwa?

#51 JiweLaZiwani
`git blame`, ile ya kuonyesha nani aliandika mstari, haitakusaidia, haijakomitiwa. Tarehe ya faili inasemaje?

#52 Mpima_Dagaa
Jumanne saa nne usiku. Zote tatu. Ndiyo saa niliyokopi.

#53 MzeeTeminali
`cp -r` bila `-p` inazipa nakala tarehe ya kukopi. Umefuta nyayo mwenyewe. Folda ya zamani kule home ipo?

#54 Mpima_Dagaa
Nilifuta baada ya kukopi. Nafasi ilikuwa imejaa.

Nimeirudisha 0.5, nimekomiti hiyo peke yake kwa jina langu. Vijana wameondoka, mmoja hajaaga. Programu tutaendelea na Git Cola kwanza, gitk pembeni.

#55 Wa_Malimbe
Yupi hajaaga?